Upande Aliolazwa Denver

Mume wangu, Denver Slone, alikuwa na adui mmoja tu duniani, na adui huyo hakuwahi kumwona kwa macho. Alimsikia redioni. Kila Jumapili mchana, baada ya nyimbo na kabla ya hali ya hewa, redio ya wilaya yetu ilimpa nafasi Dakta Alden Prewitt, mwalimu wa chuo kilichoko bondeni, azungumze juu ya Biblia. Dakta alikuwa na sauti laini, kama ya mtu anayembembeleza ng'ombe asipige teke. Kwa sauti hiyo alisema kwamba Yesu hakutoka kaburini na mwili wake. Wanafunzi walikuwa na majonzi makubwa, alisema, na mtu mwenye majonzi huona mambo.

Denver alikuwa akipiga simu. Alikaa mezani akikata ncha za maharagwe mabichi, simu ameibana kwa bega la kushoto, lile lililopinda tangu gogo lilipomwangukia mgodini.

"Dakta, alipofufuka alikula samaki," alimwambia. "Majonzi hayali samaki."

"Mzee Slone, habari hiyo iliandikwa miaka mingi baadaye."

"Na samaki je? Naye alivuliwa baadaye?"

Mtu wa redio alimkatia simu kila wiki, na kila wiki Denver alipiga tena. Mwishowe akamwalika Dakta hewani, bonde zima likisikiliza. "Njoo kwetu Cedar Lick mwezi wa tano, Siku ya Kupamba Makaburi. Hayo maneno yako uje uyaseme kilimani, mbele ya wahusika." Dakta alicheka, kisha akasema atakuja. Denver akaanza kujiandaa. Nilimsikia bafuni akijiuliza maswali na kujijibu, na mara nyingine alijikatiza mwenyewe kabla hajamaliza.

Mwezi wa pili akafa. Ni mapafu, yaliyoharibiwa na vumbi la makaa mgodini. Katika shughuli zote za maziko hakuna aliyekumbuka kumwambia Dakta asije.

Kwetu mtu huzikwa kichwa magharibi, miguu mashariki. Bwana atakaporudi atatokea upande wa mawio, na mtu akiinuka pale alipolala awe tayari amemwelekea, asianze kumtafuta. Mhubiri peke yake hulazwa kinyume, ili akiinuka awe anatazamana na kundi lake. Makaburi yote ya Cedar Lick yako hivyo tangu wazee wetu walipoanza kufia katika milima hii ya Kentucky, na sijawahi kusikia mtu akiuliza kwa nini.

Jiwe letu ni moja kwa watu wawili. Jina la Denver liko upande mmoja na langu liko upande wa pili, limekwisha kuchongwa, nafasi ya tarehe imeachwa. Tulipokwenda kulitazama fundi alipomaliza, mimi nililia kidogo, na Denver akaniambia, "Asubuhi ile, Verlene, nitamtazama Bwana kwanza, kwa adabu. Halafu nitageuza shingo kidogo tu, na wewe utakuwa hapo." Hatukujaaliwa watoto. Alipokufa, hicho ndicho nilichobaki nacho, shingo itakayogeuka kidogo tu.

Sasa, wiki ya kusafisha makaburi, akaja wifi yangu Dreama, dada yake Denver, na simu mkononi. Sisi hupiga picha za maziko kama wengine wanavyopiga za harusi, na Dreama ndiye mpiga picha wa ukoo. Alinionyesha picha ya jeneza limewekwa juu ya kaburi, kabla ya kuteremshwa, limefunikwa bendera ya taifa. Denver alipigana Vietnam, kwa hiyo wazee wa chama cha askari wa zamani walikuja kumfunika. Ile sehemu ya buluu yenye nyota huwekwa kichwani, juu ya bega la kushoto la marehemu. Hilo linajulikana.

"Angalia buluu iko wapi," Dreama akasema.

Nikaangalia. Ilikuwa upande wa mwerezi. Na mwerezi wa makaburini kwetu uko mashariki.

"Labda walikosea bendera, wifi."

"Nimeshawauliza. Mwenyekiti wao kanijia juu. Anasema yeye maishani kakosea mke, kakosea gari, lakini bendera hajawahi kukosea." Akaketi bila kukaribishwa. "Kaka yangu kalazwa kinyume. Siku ya mwisho watu wote wanamwona Bwana, yeye anaangalia banda langu la nguruwe."

Dreama alifikiria nguruwe. Mimi nilifikiria kwamba siku yangu ikifika nitalazwa sawasawa kama kila mtu, na asubuhi ile nitainuka nimeelekea mashariki na yeye magharibi, tumepeana migongo kama watu waliogombana.

Nikaenda kwa Estill Combs. Estill ndiye anayechimba makaburi yetu, na alikuwa mmoja wa waliombeba Denver. Nikamwambia Jumapili aje na koleo, tumfungue Denver na kumgeuza kabla maua hayajawekwa.

Estill alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Dada Verlene, kumgeuza mtu si kama kugeuza godoro."

"Najua."

"Ukisema chimba, nitachimba. Ila useme mwenyewe, mbele za watu. Sitaki kuja kuambiwa Estill alichimba kwa kupenda kwake."

Jumapili ikawa na jua zuri. Watu walipanda kilimani na viti vyao vya kukunja, ndoo za maua na sufuria zilizofungwa kwa taulo. Meza ndefu ya mbao ilikuwa imekwisha kujaa kuku wa kukaanga, maharagwe, mkate wa mahindi na mapai ya matunda, gari dogo la kijivu lilipofika likasimama mbali, kama gari lisilo na uhakika. Akashuka mtu mfupi kuliko sauti yake, amebeba keki ya dukani.

"Habari zenu. Mimi ni Alden Prewitt. Natafuta nyumba ya Mzee Slone, yaani, Mzee Slone mwenyewe. Yuko wapi?"

Dreama akaipokea keki, akaiweka mwisho kabisa wa meza, karibu na sabuni ya kunawia. Akaelekeza kidole ardhini. "Yuko pale. Ila hatujui anaangalia wapi."

Yule mtu akasimama na mikono mitupu kama vile keki bado ilikuwamo. Nikamfuata, nikamwambia mimi ni mjane wake, nikamweleza. Alivua kofia. Alikuwa na upara mdogo uliokuwa mwekundu kwa jua.

"Nilidhani amenikasirikia," akasema. "Tangu mwezi wa pili nasubiri simu yake kila Jumapili. Nilifikiri nimemuudhi kwa yale niliyosema juu ya Tomaso."

"Uliyosema juu ya Tomaso yalimuudhi sana," nikamwambia. "Lakini si hayo yaliyomuua."

Akataka kuondoka. Nikamzuia. Denver alikuwa amemwalika mgeni, na mgeni wa Denver haondoki kwangu na njaa. Mchungaji wetu, Ndugu Garland Puckett, ambaye ni fundi wa matrekta siku nyingine zote, akasema kwamba hata kuzungumza lazima azungumze, maana ilitangazwa hewani. Basi Dakta akasimama kati ya makaburi, watu wakijipepea, akasema yale ya redioni kwa ufupi na kwa aibu. Alisema wafiwa huwaona wapendwa wao. Jambo hilo limechunguzwa, ni la kawaida, si wazimu. Wanafunzi walimpenda mwalimu wao. Walimwona. Baadaye simulizi zikaota nyama na mifupa.

Alipomaliza, kila mtu akageuka kutazama mahali Denver alipokuwa akikaa siku kama hizo. Hapakuwa na mtu wa kumjibu. Ndugu Garland akakohoa. Mimi si msemaji, sijawahi hata kusoma matangazo kanisani. Lakini kiti kilichotazamwa kilikuwa kando ya changu.

"Dakta," nikasema, "mimi nina majonzi tangu mwezi wa pili. Sijaona kitu."

Akanigeukia kwa upole. "Si wote wanaoona, Mama Slone."

"Nimejaribu. Nimemwekea sahani. Nimekaa kwenye kiti chake nikautazama mlango mpaka chakula kikaganda. Kama majonzi yangetosha kumleta, leo angekuwa hapa anakukatiza maneno."

Watu wakacheka kidogo. Dakta hakucheka. Akavuta kiti cha mtu, akaketi karibu nami, na tangu hapo akawa anazungumza na mimi tu.

"Mimi nilimwona mama yangu," akasema. "Siku chache baada ya kumzika. Jikoni, na aproni yake. Sikuota."

"Nakuamini. Mama mkwe wangu naye alikuwa akimwona marehemu mumewe. Ulifanya nini?"

"Nilikaa chini. Nililia."

"Ulikwenda kuangalia kama kaburi limefunguka?"

"Hapana."

"Uliwapigia ndugu zako simu kuwaambia amefufuka?"

Akatabasamu, lakini tabasamu lenyewe lilikuwa limelowa. "Hapana. Kusema kweli, nilipomwona ndipo nilipojua kwamba amekufa kabisa."

"Basi na wao wangejua hivyo hivyo," nikasema. "Wale walikuwa wameshazika wazazi na watoto. Mzimu waliujua. Si mwanzoni walidhani ni mzimu? Ndipo akawaambia wamshike, akaomba chakula. Mama yako hakuomba chakula."

Akainua uso. "Mzee Slone hakuwahi kuniuliza hivyo."

"Denver hakuwa mfiwa. Yeye alikuwa mbishi."

"Ni swali la haki," akasema, akifikicha ukingo wa kofia yake. "Nitalibeba. Lakini tatizo langu linabaki, Mama Slone, nalo ni mashahidi. Wako wanne, na kila mmoja anasema lake. Huyu anasema kaburini alikuwapo kijana mmoja mwenye mavazi meupe, yule anasema walikuwa wawili. Huyu wanawake hawa, yule wanawake wale. Watu wasiokubaliana namna hiyo siwezi kuwategemea."

Ndugu Garland alikuwa ameona kuku anapoa, akaomba baraka, na mjadala ukaishia kwenye sahani.

Ni Dreama aliyeuamsha. Alimpa Dakta paja la kuku, akamwacha aling'ate, kisha akamwekea simu mbele ya uso. "Dakta, kazi yako ni mashahidi, si ndiyo? Hapa tunao wanne walio hai, na picha. Tuamulie basi. Kaka yangu kichwa chake kiko wapi?"

Akamweleza habari ya bendera, ya mwerezi na ya banda la nguruwe. Nilidhani Dakta atakataa. Lakini nadhani mtu akipewa kazi anayoijua katikati ya watu asiowajua hushukuru. Akafuta vidole, akatoa kalamu, akaigeuza ile karatasi ya hotuba yake, akaita wabebaji.

Wa kwanza alikuwa Estill. Alisema siku ile kulikuwa na barafu, gari la maiti likashindwa kupanda, ndipo akamvuta Denver kwa trekta na trela kupitia barabara ya juu. Miguu ilitangulia. Njiani alikuwapo mtu mmoja wa barabara, mwenye koti la kung'aa, akimwaga mchanga.

Virgil Caudill akasema barafu hakuna, yalikuwa matope. Na barabara ya juu ilikuwa imezibwa na mti. Walipita ya chini. "Estill anaisifia trekta yake tu. Sisi tulibeba kwa mikono."

"Mlibeba kutoka wapi?" Estill akauliza. "Wewe si ulikuwa umeketi kwenye trela?"

"Nilikuwa nimeshika jeneza."

"Ulikuwa umelikalia."

Hobert, kaka yake Virgil, ambaye ana umri mkubwa na masikio mabovu, akasema watu wenye makoti ya kung'aa walikuwa wawili, mmoja kila upande wa njia. Na mmoja ndiye aliyewazuia walipokuwa wanaelekea kwenye shimo la mtu mwingine. "Akatuambia si hapa, nendeni kule. Ndipo tukageuka. Tukageuka mara mbili, nadhani."

"Mara moja," Virgil akasema.

"Hatukugeuka," akasema Estill.

Shahidi wa nne alikuwa Ndugu Garland. Alikuwa ametangulia mbele akisoma zaburi, akateleza akaanguka chali, na kwa hiyo aliloliona ni mbingu tu. "Halafu jeneza likapita juu yangu," akasema. "Mimi niliona upande wake wa chini. Upande wa chini hauna kichwa wala miguu, Dakta. Ni ubao."

Dreama akasema yeye na mimi tulifika kaburini kabla ya wanaume wote. Dakta akaniuliza nakumbuka nini. Nikamwambia nakumbuka glavu za Estill, zilizotoboka kidole gumba, na kwamba kiatu changu kimoja kiliingia maji.

"Maji ya barafu au ya matope?"

"Ya baridi."

Akaandika. Akauliza maswali mazuri, kwa kweli. Hata Hobert alimsogelea. Kisha akaisoma karatasi yake kimya, akakunja uso, akaisoma tena. Nikaona masikio yake yakianza kuwa mekundu kama upara.

"Haya," akasema. "Barabara ni mbili. Hali ya hewa ni mbili. Watu wenye mavazi ya kung'aa wanaongezeka kadiri msimulizi anavyokuwa mzee. Kuna simulizi ya shimo lisilo lenyewe. Mchungaji anasema jeneza lilipita juu yake, na mimi hayo ningeyaita maneno ya ibada. Picha imepigwa na mtu wa ukoo mwenye hoja yake. Na mjane, samahani, Mama, anakumbuka glavu." Akavua miwani. "Kwa njia ninayofundisha, ningelazimika kusema Mzee Slone hakuzikwa."

Hobert akaweka kiganja sikioni. "Kasema nini?"

"Kasema hatukumzika Denver," Virgil akamwambia kwa nguvu.

"Sasa mimi nilibeba nani?" Hobert akasema. "Mgongo unaniuma mpaka leo."

Dakta akaanza kucheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka na miwani ikaanguka kwenye maharagwe. Dreama akaiokota, akaifuta kwa taulo, akamrudishia. Alipopata pumzi aliniinamia. "Sijasema nimekubali, Mama Slone. Nasema tu kwamba Jumatatu nitafundisha kwa shida."

"Kula mkate wa mahindi," nikamwambia.

Lakini kichwa cha Denver kilikuwa bado hakijapatikana, na Estill alikuwa amesimama kando ya kaburi na koleo, akinitazama. Ndugu Garland, ambaye hakutaka kaburi lifunguliwe siku ya maua, akaona njia. Akapanda juu ya benchi.

"Ndugu zangu. Anayelazwa kinyume ni mhubiri. Basi tumfanye Denver mhubiri. Tumwekee mikono leo, tupige kura, na pale alipo patakuwa mahali pake halali."

"Denver mhubiri?" Dreama akasema. "Hakuweza kuombea chakula bila kubishana na mtu."

"Na mimi je? Mimi najua Kiebrania?" Ndugu Garland akamjibu.

Wakapiga kura. Sisi Wabaptisti wa huku tunapiga kura hata ya rangi ya zulia. Mikono mingi ilikwenda juu, mmojawapo ukiwa wa Dakta, akaushusha alipokumbuka yeye si mshirika. Wazee wakalizunguka kaburi ili wamwekee mikono kichwani, kama desturi ilivyo. Hapo wakasimama.

"Kichwani," Virgil akasema. "Wapi sasa?"

Wengine wakaenda upande wa mwerezi, wengine wakaenda upande wa jiwe. Wakatazamana. Ndugu Garland akasema waweke mikono pande zote mbili, kichwa kitaipokea. Estill akasema haoni sababu ya kuiwekea wakfu miguu ya mtu.

"Ngojeni," nikasema. Nilikuwa nimewaza jambo lililonitia hofu. "Na kama bendera ndiyo iliyokosewa? Kama Denver amelala sawasawa tangu mwanzo? Mkimfanya mhubiri mtakuwa mmemharibia mtu aliyelala vizuri."

Wazee wakaondoa mikono haraka, kama waliogusa jiko.

"Tuchimbe," Dreama akasema. "Tuchimbe tuone, yaishe. Verlene, sema."

Kila mtu akanitazama. Neno lilikuwa langu, kama Estill alivyotaka. Na nilikuwa nimekuja kulisema. Dakta alikuwa amekaribia, ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Si juu yangu kusema," akasema polepole, "na mimi si mwamini wa hayo. Lakini huyo Mungu mnayemsema, atakayekusanya mavumbi ya watu wote, waliooza na walioliwa na papa, atashindwa kumgeuza mtu mmoja?"

"Usituletee imani yako hapa," Dreama akamwambia.

Nilitazama lile jiwe, jina lake na jina langu. Nikajaribu kuiona asubuhi ile, na badala yake nikaziona asubuhi zetu zote zilizopita. Denver aliamka upande wa ukutani. Maisha yake yote ya ndoa aliketi kitandani ameelekea ukuta, amenipa mgongo, akakohoa yale makaa yake, akatafuta viatu kwa miguu mahali ambapo havikuwapo. Hakuwahi hata siku moja kuamka ananitazama. Nilikuwa nikinyoosha mkono kumgusa bega, lile lililopinda, ndipo akageuka, akasema, "Kumbe upo." Kila siku, kana kwamba ni habari mpya. Nilikuwa nimelisahau hilo kwa sababu ya ile shingo ya kugeuka kidogo, iliyokuwa maneno tu ya kunituliza mbele ya jiwe.

"Estill," nikasema, "weka koleo."

"Una hakika, Dada Verlene?"

"Weka. Mimi mnilaze sawasawa, kama watu wote. Nikiinuka nikamkuta amenipa mgongo, nitamgusa bega."

Dreama alikuwa analia, na Dreama akilia hukasirika. "Na asipohisi je?"

"Atahisi. Litakuwa bega, wifi. Si mawazo yangu wala si mtu wa jikoni anayepotea ukimkaribia. Bega lake lile lile, hata kama litakuwa limenyooshwa, na mkono utakuwa huu." Nikauinua mkono wangu, sijui kwa nini, ulikuwa na mafuta ya kuku. "Kama hakuna bega, basi alale anavyotaka, hakuna tofauti. Lakini lipo bega. Kwa hiyo hakuna haja ya kuchimba."

Estill akaliegemeza koleo kwenye mwerezi. Ndugu Garland akasema amina kwa sauti ndogo, akashuka kwenye benchi. Hobert akauliza kumesemwa nini, Virgil akamwambia Denver anabaki alivyo, Hobert akasema vizuri, maana mgongo wake usingeweza tena.

Tukaanza kuweka maua. Dakta aliomba abebe ndoo yangu, yenye maua makubwa mekundu niliyoyakata uani asubuhi. Alifika kwenye kaburi la Denver akasimama.

"Huwekwa kichwani?"

"Huwekwa kichwani."

Akatazama mwerezi, akatazama jiwe. Alifikiri muda mrefu, kama msomi, kisha akaweka nusu huku na nusu kule, akahamisha ua moja, akalirudisha. Nyuma yetu Dreama alikuwa ameikata ile keki, anaigawa, anamwambia mtu kwamba si mbaya kwa keki ya dukani.

Dakta akapiga goti pale chini, katikati, mahali ambapo kwa vyovyote palikuwa na Denver. Akasema kwa ile sauti yake laini ya redioni, "Mzee Slone, bado hujanishawishi."

Na sisi sote tuliokuwa karibu tukanyamaza kidogo, kwa mazoea, tukimpa Denver nafasi ya kujibu.